Kupungua Si Kwisha

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi.)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Barua waliyoniandikia ilinitaka niseme juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa wazee na kwa vijana. Wenzangu waliosimama hapa miaka iliyopita walizungumza habari za kilimo, afya na biashara, nasi tulifaidika. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni makaratasi: kusoma taarifa, kuandika taarifa, na kuzirudisha kwa wenyewe zile zisizoeleweka. Kwa hiyo nimeona nisiende mbali na kazi yangu. Nimechagua kitenzi kimoja tu cha lugha yetu, ambacho sijapata kufungua jalada nisikikute. Kitenzi chenyewe ni "kupungua".

Naona vijana wa nyuma wameanza kutazamana. Wanajiuliza: kupungua nani hakujui? Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba uji ukinywewa hupungua. Ni kweli. Lakini maneno tusiyoyajua huyatafuta mtu katika kamusi. Maneno tunayoyajua mno ndiyo yanayopita mlangoni bila kuulizwa yanakotoka na yanachobeba. Nitajaribu leo kukiuliza kitenzi hiki maswali machache, na mwisho mtaona kwamba jambo hili si la darasani tu. Lina fedha ndani yake, lina afya, na mara nyingine lina roho za watu.

Tuanze na ukoo wake, ili walimu wa Kiswahili wasije wakasema nimeruka sarufi. "Pungua" ni kitenzi kisichohitaji mtendwa. Maji yamepungua, basi, sentensi imekamilika. Hakuna aliyetajwa kwamba ndiye aliyeyapunguza. Ukitaka kumtaja mwenye kufanya, unabadili mwisho wa kitenzi: "punguza". Ni kawaida ya lugha yetu, kama vile "tulia" na "tuliza", "poa" na "poza", "jaa" na "jaza". Ukitaka kuonyesha kwamba kuna aliyefanya ingawa humtaji, unasema "punguzwa". Na ukitaka kusema habari ya mtu ambaye kitu kimempungukia, unasema "pungukiwa": jirani kapungukiwa sukari, anaomba kikombe kimoja.

Hilo neno la mwisho nalipenda sana. Mtu aliyeishiwa kabisa, wazee wetu hawakumwita maskini mbele ya watu. Walisema, "Siku hizi mwenzetu amepungukiwa." Ni neno la stara. Linasema kwamba alikuwa nacho, kikapungua, na kwa kuwa kilichopungua kinaweza kuongezwa, linatuachia na sisi nafasi ya kumsaidia.

Kisha yako majina. "Punguzo" ni kile anachokuachia mwenye duka ukimwomba vizuri. "Upungufu" ni hali ya kutotosha, kama upungufu wa damu. "Pungufu" ni sifa ya kitu kisichotimia kipimo. Na "punguani", maskini, ni yule ambaye watu wamemwona akili zake hazikutimia. Mbali na ukoo huu, tumeazima pia maneno ya Kiarabu yenye kazi hiyo hiyo: "kasoro", tunayoitumia katika saa tukasema saa mbili kasoro robo, na "nakisi", ambayo wenzangu wa hazina huitumia katika bajeti matumizi yakizidi mapato.

Sasa nawaomba mtazame jambo moja. Lugha yetu haikukiachia kitenzi hiki kazi yote. Kila kitu kina namna yake ya kupungua, na Waswahili walikipa kila kimoja neno lake. Bahari hupwa. Mvua ikiacha kidogo, wazee wa pwani husema imepusa. Na mawingu yakifunguka, husema kumeanuka. Upepo hutulia. Hasira hupoa. Homa hushuka. Uvimbe hunywea. Taa hufifia, na sauti ya mtu anayekwenda mbali hufifia vile vile. Jani hunyauka. Mwili hukonda.

Maneno haya hayakuwekwa kwa ajili ya kupamba mashairi. Kila moja linakuambia habari mbili kwa mara moja: kwamba kitu kimepungua, na kwamba kimepungua kwa namna gani. Chukueni "kupwa". Mvuvi akisema maji yamepwa, hakuna anayeogopa kwamba bahari inakauka. Anajua kwamba tangu maji yalipojaa mpaka yatakapojaa tena ni kadiri ya saa 12 na dakika 25, na kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, yatakupwa mbali zaidi na kujaa juu zaidi kuliko wakati wa maji mafu. Katika neno "kupwa" mna ahadi ya kurudi. Kina mama wa pwani wanaoshuka kutafuta chaza na pweza wanaishi kwa ahadi hiyo, na anayechelewa kule mwambani anaweza kuilipia kwa roho yake.

Sasa chukueni gogo. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Huko hakuna ahadi ya kurudi. Kila ubanzi unaotoka umetoka. Ukimwambia mwenye gogo kwamba gogo "limepungua", umemwambia kweli, lakini ukimwambia kwa sauti ile ile uliyoitumia kusema bahari imepungua, umemdanganya.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, ndugu zangu. "Kupungua" ni neno pana mno. Linafunika kupwa, kupoa, kukonda na kwisha, yote chini ya mwavuli mmoja. Kwa hiyo kila mara mnapolisikia, na zaidi kila mara mnapoliandika, hamna budi kuliuliza maswali matatu. La kwanza: kutoka ngapi hadi ngapi? La pili: limepungua lenyewe, au yuko aliyelipunguza? La tatu: ndiyo mwisho, au litarudi? Taarifa isiyojibu maswali hayo haijawa taarifa.

Nianze na swali la kwanza, kutoka ngapi hadi ngapi.

Tumezoea kusikia kwamba theluji ya Mlima Kilimanjaro inapungua. Mtu akisikia hivyo anafikiri kumeondoka kidogo pembeni. Lakini vipimo vinasema kwamba mwaka 1912 barafu ya kule juu ilifunika kadiri ya kilomita za mraba 12, na mwaka 2011 zilibaki pungufu ya 2. Katika miaka 99, katika kila mafungu sita yamekwenda zaidi ya matano. Je, hapo neno "kupungua" linatosha? Kisarufi linatosha. Lakini mwalimu anayesema tu kwamba theluji imepungua, na mwalimu anayezitaja tarakimu hizo mbili, hawakufundisha somo moja.

Mfano wa pili ni wa sokoni, na naomba vijana wausikilize kwa makini, maana hata watu wazima wenye digrii wanauchanganya. Mara kwa mara redio hutangaza kwamba mfumuko wa bei umepungua. Mama anatoka nyumbani na kikapu chake, anakwenda sokoni akitumaini kukuta unga umeshuka. Anaukuta umepanda. Anarudi akisema redio ni waongo. Redio haikusema uongo, wala mama hakukosea kukasirika. Kilichopungua si bei. Ni mwendo wa bei kupanda.

Tuhesabu pamoja. Mwaka 2012 mfumuko wa bei katika Tanzania ulikuwa wastani wa asilimia 16. Mwaka 2013 ulikuwa kadiri ya asilimia 8. Umepungua kwa nusu, jambo la kushukuru. Lakini bidhaa iliyouzwa shilingi 1,000, ikipanda kwa asilimia 16 inakuwa shilingi 1,160. Mwaka unaofuata inapanda tena kwa asilimia 8, inakuwa kadiri ya shilingi 1,253. Mfumuko umepungua, na bei imepanda, vyote viwili kwa pamoja. Ni kama dereva wa basi aliyepunguza mwendo: hakurudi nyuma, bado anakwenda mbele, ila polepole. Tungekuwa na mazoea ya kusema "bei zinaendelea kupanda, lakini si kwa kasi ya mwaka jana", mama yule angebaki na imani yake. Imani ya wananchi, ndugu zangu, nayo ni kitu kinachopungua bandu bandu.

Swali la pili ndilo zito kuliko yote: limepungua lenyewe, au yuko aliyelipunguza?

Nimesema "pungua" haitaji mtendaji. Kwa mambo yasiyokuwa na mtendaji hilo ni sawa kabisa. Mvua ikipungua, hatuna wa kumshitaki. Lakini watu wajanja, na wakati mwingine watu waoga, wamegundua kwamba kitenzi hiki ni maficho mazuri. Kitu kimefanywa na watu, na wao wanakiandika kana kwamba kimejifanya.

Mwaka 2009 hesabu ya tembo katika nchi yetu ilikuwa kadiri ya 109,000. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta kadiri ya 43,000. Watu wakaandika: tembo wamepungua. Ndugu zangu, tembo hapungui kama maji ya bahari. Mnyama mwenye uzito wa tani kadhaa hawezi kufifia kama taa. Katika miaka mitano kulitoweka tembo kadiri ya 66,000, na sehemu kubwa ya hao waliuawa kwa bunduki kwa ajili ya meno yao. Palikuwa na aliyepiga, palikuwa na aliyesafirisha, na palikuwa na aliyenunua. Anayesema "wamepungua" amekuonyesha nafasi iliyo wazi. Anayesema "wameuawa" amekuonyesha kwamba kuna mtu wa kutafutwa. Sentensi ya kwanza unaweza kuisikitikia ukaenda kulala. Ya pili inakudai jambo.

Katika ofisi jambo hili tunaliona kila mwaka. Ghala likihesabiwa na magunia yasitimie, taarifa huandikwa: "kumeonekana upungufu wa magunia kadhaa". Sanduku la fedha likifunguliwa: "kumejitokeza upungufu". Umejitokeza! Kama jua la asubuhi! Fedha hazina miguu, wala hazipwi. Yawezekana zilihesabiwa vibaya, yawezekana zilitumika kwa kazi halali bila hati, na yawezekana ziliibwa. Haya ni mambo matatu yenye hukumu tatu tofauti, na neno "upungufu" limeyafunga yote katika furushi moja. Mwaminifu aliyekosea hesabu na mwizi aliyejaza mfuko wake wanatoka humo wamefanana. Dhuluma ya namna hiyo humwumiza yule mwaminifu kwanza.

Na siku hizi limeingia neno "mapungufu". Walimu wengi wa Kiswahili hulikataa, wakisema upungufu ni hali, nayo hali haihesabiwi kama maembe; nami nakubaliana nao. Lakini mimi nina sababu yangu zaidi ya sarufi. "Mapungufu" limekuwa kapu la kila kitu. Daraja limejengwa bila nondo za kutosha: mapungufu. Dawa zimekwisha muda wake rafuni: mapungufu. Mtu kaghushi sahihi: mapungufu. Vijana, mkija kuajiriwa, andikeni kosa kwa jina lake. Kama ni kasoro, semeni kasoro. Kama ni uzembe, semeni uzembe. Kama ni wizi, na mna ushahidi, semeni wizi.

Lipo pia jambo la watu kupunguzwa. Wenzangu wa rika langu wanaikumbuka miaka ya 1990, wakati wafanyakazi wengi wa serikali na mashirika ya umma walipoachishwa kazi. Neno lililoingia majumbani mwetu lilikuwa "amepunguzwa". Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao, katika shirika moja ambalo sina haja ya kulitaja. Alikuwa fundi mitambo, mtu wa maneno machache. Jirani alipomuuliza kwa nini yuko nyumbani siku ya kazi, alijibu, "Nimepunguzwa." Jirani, ambaye hakuwa ameajiriwa maisha yake yote, akastaajabu: "Umepunguzwa nini? Mbona nakuona mzima?" Wote wawili wakacheka, lakini swali lile lilikuwa la haki. Kinachopunguzwa ni idadi. Mtu hapunguzwi, mtu huachishwa kazi, akaenda nyumbani akiwa na watoto wa kulisha na karo za kulipa. Sisemi kwamba kila aliyeachishwa alionewa, maana yako mashirika yaliyokuwa hayawezi tena kulipa mishahara. Nasema kwamba aliyeandika "kupunguza watumishi" alikuwa akitazama jedwali, na ni vizuri mwandishi wa serikali ainue macho kutoka kwenye jedwali kabla ya kutia sahihi.

Swali la tatu: ndiyo mwisho, au litarudi?

Hapa roho za watu zimo moja kwa moja. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa za miezi 6: miezi 2 ya mwanzo dawa za aina nne, na miezi 4 inayofuata dawa za aina mbili. Mara nyingi baada ya wiki chache tu kikohozi kinapungua, homa za usiku zinapungua, hamu ya kula inarudi. Mgonjwa anawaambia watu wa nyumbani, "Ugonjwa umepungua," nao wanashangilia. Kama hakuna wa kumfahamisha, anaacha dawa. Kilichopungua ni dalili. Vijidudu bado vimo ndani, na vile vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, visisikie tena dawa ile ya kwanza. Ndipo ugonjwa unaporudi na nguvu mpya, na matibabu yake huwa magumu na marefu zaidi. Muuguzi mwenye kujua lugha hamwambii mgonjwa "umepungua" akanyamaza. Humwambia, "Umepungua, lakini haujakwisha." Maneno hayo mawili ya nyongeza yana thamani ya maisha ya mtu.

Ndivyo ilivyo na mafuriko. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, na watu wasiopungua 40 walifariki. Baadhi ya waliokuwa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Lakini maji yalipopungua, wako waliorudi kule kule bondeni, na Bonde la Msimbazi limefurika tena mara kadhaa tangu siku zile. Siwalaumu kwa urahisi. Mtu hurudi mahali penye riziki yake. Lakini mto ulikuwa umepungua kama bahari inavyopungua, yaani ulikuwa umekupwa tu, ukingoja msimu wake.

Katika sentensi niliyoisema sasa hivi nimetumia neno "wasiopungua", nami sikulitumia kwa bahati. Ni umbo ambalo kila mwandishi wa taarifa hulitumia na wengi hulitumia vibaya. "Watu wasiopungua 40" maana yake ni 40 au zaidi. Chini ya hapo hakuna. "Watu wasiozidi 40" ni 40 au chini ya hapo. "Watu kadiri ya 40" ni karibu na hapo, huku au kule. Haya si mamoja. Tangazo likisema kwamba mkutano utaitishwa kwa taarifa ya siku zisizopungua 14, na katibu akawaarifu watu siku 12 kabla, mkutano huo unaweza kubatilishwa na kila kilichoamuliwa kikaanguka. Nimepata kuona mradi wa kijiji ukichelewa msimu mzima wa kilimo kwa sababu ya siku mbili tu, na kisa chenyewe ni kwamba mtu alisoma "zisizopungua" akaelewa "kadiri ya".

Na kuna wakati wa kitenzi. "Imepungua", "inapungua", "ilipungua", "haijapungua": kila moja lina ushahidi wake unaohitajika. Ukisema "inapungua", unadai kwamba umepima zaidi ya mara moja na umeona mwelekeo. Ukisema "imepungua", unadai kwamba unajua ilivyokuwa na ilivyo sasa. Ukisema "ilipungua", msikilizaji ana haki ya kuuliza: na baadaye? Mtu aliyepima mara moja tu hana ruhusa ya kusema lolote katika hayo matatu. Anaweza kusema "ni kidogo", basi.

Kabla sijamaliza, niseme kidogo habari ya neno hili tunapoambiana sisi kwa sisi. Zamani ukikutana na ndugu yako ukamwambia, "Mbona umepungua?", ulikuwa ukimuuliza kwa huruma kama anaumwa au ana mashaka nyumbani. Leo mjini ukimwambia mtu "umepungua", huenda akakushukuru na kukuambia anafanya mazoezi kila alfajiri. Neno ni lile lile. Lililobadilika ni maisha. Kwa hiyo, vijana, msiseme mnajua maana ya neno mpaka mjue linasemwa na nani, kwa nani, na mahali gani. Mama mwenye mtoto mchanga akiambiwa kliniki kwamba mtoto amepungua uzito, hashukuru. Anatetemeka, na ana haki, na anastahili kuambiwa papo hapo ni gramu ngapi na afanye nini.

Ndugu Mwenyekiti, nisije nikaonekana mtu wa kuwafundisha watu wa mbali nikawaacha wa hapa. Asubuhi ya leo Mtunza Hazina wetu alitusomea taarifa nzuri, yenye hesabu safi. Ndani yake kulikuwa na sentensi isemayo, "Michango ya wanachama imepungua." Wengi walitikisa vichwa kwa masikitiko, tukaenda kunywa chai.

Nawaomba turudi kwenye sentensi ile kwa maswali yetu matatu. Kutoka ngapi hadi ngapi? Tarakimu ziko katika ukurasa wa pili wa taarifa yake. Kila mmoja azisome kabla ya kuondoka. Imepungua yenyewe, au yuko aliyeipunguza? Michango si mvua. Wako wanachama ambao hawakuleta, na wanajulikana kwa majina katika daftari. Yawezekana baadhi yao wamepungukiwa, na hao tuwaendee kwa stara, tuwaulize hali kabla ya kuwauliza ada. Wengine wamesahau tu, na hao wakumbushwe bila haya. Na swali la tatu, ndiyo mwisho, au itarudi? Hilo Mtunza Hazina hawezi kulijibu. Linajibiwa na sisi tulioketi humu. Nilipopita maktaba jana jioni nilimkuta kijana wa Kidato cha Pili akisoma kitabu kimoja na wenzake watatu, mmoja akifungua kurasa na wengine wakisoma kwa mbali. Kwake yeye mchango uliopungua si sentensi ya taarifa. Ni bega la mwenzake linalomzuia kuona mstari.

Kwenu ninyi wanafunzi nina ombi moja jepesi. Juma hili, kila mmoja wenu achukue gazeti au asikilize taarifa ya habari, atafute sentensi tatu zenye "pungua", na kila moja aiulize maswali yale. Zile zitakazojibu, mzifurahie. Zile zisizojibu, jaribuni kuziandika upya. Mwalimu wenu wa Kiswahili amekubali kuyasahihisha, na mimi nimeleta kamusi tatu mpya ziwe zawadi kwa kazi zitakazoshinda, kisha zibaki maktaba kwa matumizi ya wote.

Muda niliopewa nao umepungua, Ndugu Mwenyekiti, kutoka dakika 30 hadi 1, na aliyeupunguza ni mimi mwenyewe kwa maneno yangu. Naona chakula kimeshaanza kunukia.